Pampu Tuliyoiimbia

Pampu ya Kalamba haikufa siku ile fahali wetu alipoigonga. Ilikuwa inakufa miaka yote, nasi tukiiimbia. Nalisema hili kwa hasira na sina nia ya kulipoza.

Ilikuwa pampu ya mkono, juu ya kisima kilichochimbwa kando ya mto mkavu na mwethya, kikundi chetu cha kazi ambacho leo kinakulimia wewe, kesho kinamlimia jirani. Kina mama walipampu wakiimba nyimbo za kanisani. Ilipokuwa mpya, debe lilijaa kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Yakaja mafuriko, mchanga ukaingia, ngozi za ndani zinazovuta maji zikalika. Debe likataka beti mbili. Mwaka mwingine punda alifungwa kwenye mpini, akashtuka, akaupinda. Sasa ikawa wimbo mzima, na kiitikio mara mbili. Hakuna aliyesema pampu inaharibika. Walimsifu tu aliyekuwa na pumzi ndefu.

Afisa wa maji alikuja kutoka mji wa Wote akauliza kama inafanya kazi.

"Inafanya, tunashukuru Mungu," wakamjibu.

Kwao, kulalamikia kitu ambacho bado kinatoa maji kulikuwa kumkosea Mungu adabu. Afisa akapanda pikipiki yake akaenda zake.

Kisha ukame ukatubana. Fahali wetu, mifupa mitupu, alinusa unyevu akaegemeza shingo kwenye pampu. Chuma kikakatika ndani.

"Ng'ombe ni ya huyu mama," mwenyekiti wa mwethya alisema. "Amemaliza maji ya watu."

Wakamtoa mama kwenye mwethya. Alikuwa mjane. Mvua iliporudi, kikundi kilipita mpakani mwetu na majembe, kikielekea kwa jirani, naye akainama peke yake kwenye kipande kilicho karibu na nyumba. Msimu ule tulilala njaa, na niliwachukia wote.

Miaka ya themanini, chuoni, mhadhiri alitufundisha kwamba mtambo hauna hali mbili tu, uzima na kifo. Hushuka ngazi kwa ngazi, kila kishindo kikiudhoofisha, hadi pigo ambalo ungelipuuza ulipokuwa mpya linaumaliza. Wenzangu walinakili hesabu. Mimi nilitoka nje nikalia.

Likizo ilipofika nilimkuta mama akichagua mbaazi, nikamweleza yote.

"Mwaitu," nikamwambia, kama tunavyowaita mama zetu, "haikuwa ng'ombe. Ni mchanga, ni punda, ni miaka. Ng'ombe alikuja tu mwisho."

Wakati huo pampu mpya ilikuwa imeshawekwa palepale, na mwethya ilikuwa imemrudisha zamani.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Lakini hiyo mpya enda uchote wewe. Mimi nikiishika, inaweza kuvunjika."

Akachukua kata na debe lake, akateremka mtoni kufukua maji mchangani.