Kifungo cha Shati Nyuma ya Kitabu

Hamtaniamini, na sitawalaumu, maana hata mimi niliyekuwepo kuna siku najiuliza kama sikuota. Mpwa wangu Lorna Thibault, mtunza maktaba wa mji wetu wa Hallam hapa Vermont, mwanamke anayeshtuka akiona kivuli cha koti lake mwenyewe, ndiye anayewagawia watu wazima hofu kila Oktoba, mwaka wa ishirini na sita huu. Anaigawa ikiwa imefungwa kwa karatasi ya kaki na uzi.

Ni hivi. Majani yakianza kupukutika na moshi wa kuni kurudi juu ya mapaa, Lorna humfungia kila msomaji vitabu viwili. Kimoja cha kumtisha, kimoja cha kumpasha moto. Kwanza mizimu kwenye jengo bovu la kinu cha kusagia unga, halafu mjane na paka wake waliofungua duka la mikate. Sharti lake ni moja tu: cha kutisha kitangulie, ili usingizi uje na kile kingine. Watu huvuka mlima kufuata vifurushi hivyo. Mimi niliyeacha shule darasa la nane, nikiwa nimeshamshinda mwalimu kwa hesabu, nimesoma kuliko mtu yeyote Hallam, na sijawahi kupewa kitabu kisichonifaa.

Siri yake naijua kwa kuwa ndimi ninayempasulia kuni za jiko la maktaba. Vitabu vya kutisha Lorna havisomi. Husoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, mchana kweupe, akiwa amesimama karibu na mlango. Sasa alijuaje kipi kinamfaa nani? Alisoma alama.

Kwetu, msomaji akimaliza kitabu huweka alama ndogo ya penseli ndani ya jalada la nyuma, asije akakiazima tena baada ya miaka mitatu na kugundua katikati ya hadithi kwamba tayari anajua muuaji ni nani. Mmoja huchora samaki, mwingine herufi mbili za jina lake, mimi shoka. Verna Stannard alichora kifungo cha shati, kiduara chenye matundu manne. Kitabu kikimtisha sawasawa, alikiongezea kifungo kile uzi unaoning'inia. Na maktaba yenyewe haiweki kumbukumbu ya nani alisoma nini. Ukirudisha kitabu, jina lako linafutwa, na Lorna yuko radhi apelekwe jela kuliko kukuambia jirani yako anasoma nini. Kwa hiyo kumbukumbu pekee ilikuwa alama zile, basi.

Mwaka juzi tukapata mwenyekiti mpya wa bodi, mama aliyehamia kutoka mjini, mtu mwema anayependa vitu safi. Akasema alama zile ni uchafu. Lorna ni mtu wa kutii. Julai yote na Agosti alishinda na raba mkononi, rafu baada ya rafu, akipuliza vumbi, akifurahia jinsi vitabu vilivyopendeza. Nikamtania kwamba akimaliza hapo aende akafute mabaka ya ng'ombe. Alicheka. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kuwa Verna alikuwa amefariki Aprili ya mwaka ule ule, barabara zikiwa matope matupu.

Oktoba ilipofika, Alhamisi mchana, akaingia mumewe. Orrin Stannard ni mchonga mawe. Nusu ya waliolala makaburini kwetu majina yao yamepita mkononi mwake, na sikuwahi kumwona ameshika kitabu. Akavua kofia, akasimama mbele ya meza kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Nataka vitabu alivyosoma Verna," akasema. "Vile vya Oktoba. Vya kutisha."

Lorna akamuuliza kwa upole anavitakia nini. Orrin akaeleza taratibu, akiizungusha kofia. Miaka arobaini walikaa mbele ya jiko, yeye akinoa patasi zake, mkewe akisoma. Hadithi ikifika pabaya, Verna alimsukumizia miguu chini ya paja, miguu ya baridi kama samaki wa mtoni, bila neno, bila kuinua macho. Orrin hakuwahi kumuuliza kuna nini humo kitabuni.

"Nilidhani iko siku nitamuuliza," akasema. "Sasa nataka nifike pale alipokuwa anafika."

Nikamwona Lorna anabadilika rangi. Akamwomba arudi kesho, akisema itabidi avitafute. Mlango ulipofungwa, akakaa chini kwa uzito.

"Nimemfuta, mjomba. Nimemfuta Verna kwa mikono yangu."

Mimi sikosi dawa. Nikachukua penseli mezani, nikamwambia nitamchorea vifungo mpaka mkono ufe ganzi, na vya uzi pia. Orrin atajulia wapi? Mzimu ni mzimu, wa ukurasa huu au wa ule.

"Halafu atakaa na kitabu ambacho mkewe hakukigusa, anangoja miguu," Lorna akasema. "Rudisha hiyo penseli, mjomba."

Nikairudisha. Mimi niliyebishana na wanasheria nikawashinda, nikaenda kuongeza kuni kwenye jiko.

Kesho yake Orrin akaja saa kumi alasiri. Lorna hakumzungusha. Alimweleza yote akiwa wima: alama, raba, ile Julai. Akasema bodi iliagiza, ndiyo, lakini aliyefuta ni yeye, na rafu ya vitabu vya kutisha ndiyo aliyoanza nayo. Akasema anajua kwamba samahani haiwezi kurudisha kitu. Mimi nilikuwa napanga kuni zilizokwisha kupangwa.

Orrin akaiweka kofia mezani. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe kimoja."

Alipopewa, hakukifungua mwanzo. Alikigeuza nyuma, akaenda nacho dirishani, akalilaza jalada mpaka jua likapita juu yake kwa ubavu. Ndivyo anavyosoma mawe ya makaburi yaliyoliwa na mvua. Ukiyatazama uso kwa uso huoni herufi, lakini mwanga ukitokea upande, kila kibonyeo kinatoa kivuli chake. Akainamisha kidogo. Akainamisha tena.

"Verna alikuwa na mkono mzito," akasema. "Alikuwa akivunja hata sindano."

Tukasogea. Raba ilikuwa imeondoa weusi tu. Kifungo kilikuwepo, kimebonyea kwenye karatasi na matundu yake manne, na uzi umening'inia mpaka ukingoni.

Lorna akaziba mdomo kwa kiganja. Yeye alileta vitabu, Orrin akaviinamisha, mpaka jua likaondoka dirishani. Wakaendelea hivyo wiki mbili, kila siku saa kumi. Lorna alitaka kuzikoleza alama upya kwa penseli, Orrin akamwambia aziache kama zilivyo.

Kitabu cha kwanza kilimchukua siku tisa, kidole chini ya mstari. Alipokirudisha, Lorna hakumuuliza kitu, kama ilivyo desturi yake. Orrin ndiye aliyesema.

"Ukurasa wa sabini na moja."

Lorna akauliza kuna nini hapo.

"Miguu yangu ilipoa," akasema. "Nikasogea kumpa nafasi."

Akachukua cha pili, akavaa kofia, akaenda zake. Lorna akabaki amekishika kile cha kwanza. Haya nayaandika kwenye meza yake ya maktaba, naye anapita nyuma yangu mara nyingi kuliko kazi inavyomtaka, lakini lililo kweli halifichiki: siku ile ile mpwa wangu, mwoga yule, alikwenda nacho nyumbani peke yake, akakisoma chote, kurasa mia nne, usiku wa manane, taa zote amezima, upepo unagonga madirisha, na alipofika kwenye ule wa sabini na moja hakupepesa jicho, bali alicheka kwa sauti mpaka jirani—

"Mjomba Wendell, taa zote nimezima, nilisomaje? Zilikuwa kurasa tisa, mchana, na wewe ulikaa kwenye kiti cha mlangoni kwa sababu nilikuomba."