Mtoto Ambaye Hakulia

Kila mwaka majilio yakikaribia, mimi ndiye huandika igizo la Krismasi la watoto wa shule ya Jumapili kanisani kwetu Kiseke. Nilianza kabla sijaolewa. Siwezi kuandika habari za nchi nisizozijua, kwa hiyo Yusufu wangu huwa ni fundi seremala wa Mkuyuni, na Mariamu hupandisha naye kilima wakiulizia chumba, gesti moja baada ya nyingine. Mwenye gesti wa mwisho huongea Kiswahili cha kwetu Usukumani. Anasema, “Vyumba vimejaa, uwani kumejaa, hata balabalani kumejaa!” na kanisa zima hucheka, wazee wakiwa wa kwanza.

Mwaka huo nilikuwa mjamzito. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, baada ya miaka ya kungoja na kuulizwa-ulizwa. Kliniki walisema nitajifungua mwanzoni mwa Desemba, na akina mama wa kwaya wakaamua bila hata kunishirikisha. “Mwaka huu hatutaki mwanasesere,” walisema. “Mtoto Yesu tunaye.” Wakanigusa tumbo mmoja mmoja pale nje ya kanisa, nami nikacheka, nikakubali. Nilipofika nyumbani nilibadilisha igizo. Mariamu alikuwa na maneno mengi ya kusema baada ya kujifungua. Nikayafuta yote, nikaandika: Mariamu anamtazama mtoto. Mtoto akilia, waigizaji wote wanyamaze mpaka atulie.

Mama mkwe wangu akaja kutoka Bukoba kumpokea mjukuu. Alikuja na mikungu ya ndizi, kopo la senene wa kukaanga, na vitambaa vya flana alivyovikata mwenyewe. Usiku alilala chumba cha pili, na kabla ya kulala nilimsikia akisali kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani yake.

Siku chache baadaye mtoto aliacha kucheza tumboni. Niliamka asubuhi, nikafagia, nikabandika chai, ndipo nikagundua kwamba kumetulia. Nikalala kwa ubavu wa kushoto kama tulivyofundishwa. Nikanywa maji ya baridi. Nikamwimbia. Hospitalini nesi alizungusha kipimo tumboni kwa muda mrefu, akamwita mwenzake, naye akazungusha. Yule wa kwanza alinishika mkono, nami nikajua.

Nilimzaa kesho yake mchana. “Ni wa kike, mama,” nesi aliniambia taratibu. Alikuwa na nywele nyingi na paji la uso la baba yake. Nilimshika. Alikuwa bado na joto, joto langu mimi. Upande wa pili wa pazia mtoto wa mwanamke mwingine alikuwa analia, na watu wake wanacheka.

Mume wangu na kaka yangu wakaenda kumzika siku ileile, mimi nikiwa bado kitandani. Hakukuwa na ibada wala turubai, na hakuna aliyekaa matanga. Shangazi yangu alikuja kunipa pole, na najua alisema kwa upendo: “Usilie sana, mwanangu. Mtoto ambaye hakulia, haliliwi. Mungu atakupa mwingine.”

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Nilidhani mama mkwe atafunga mizigo aondoke, maana aliyemfuata hayupo. Badala yake nilimkuta amechemsha maji kwenye sufuria kubwa. “Ingia bafuni,” akaniambia. Akanikanda kwa kitambaa cha moto, mgongo, tumbo na nyonga, kama anavyokandwa kila mwanamke aliyejifungua. Akanipikia mtori, akanikorogea uji, akakaa kuhakikisha namaliza. Nilimwambia, “Mama, hivi vyote vya nini sasa?” Akajibu, “Mzazi ni mzazi.”

Kisha maziwa yakashuka. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Mwili wangu haukuwa umepewa taarifa. Matiti yalijaa yakawa kama mawe, na mama mkwe akanifunga kifua kwa kanga akiwa amegeuza uso pembeni.

Kwenye simu salamu zilikuja nyingi. Mungu ana makusudi yake. Kazi ya Mungu haina makosa. Nilizisoma, nikashindwa kuzijibu. Kusali pia nilishindwa. Nilikuwa nikianza Baba Yetu, nikifika pale pa mapenzi yake naishia hapo. Mume wangu naye alikuwa akichelewa kurudi. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki Nyakato, na niliamini ni mambo ya zamu za sikukuu. Akifika anakula, anauliza kama nimekula, analala. Nilimchukia kidogo. Nilijiambia, heri yeye ana mahali pa kwenda.

Krismasi ilipokaribia, jirani yetu mmoja alipiga hodi. Ni binti wa makamo ya mdogo wangu, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wiki ileile yangu. Alikuja peke yake. Akakaa kwenye ukingo wa kiti.

“Dada, nina jambo. Nikikosea unisamehe.”

“Sema tu.”

“Wameniomba mtoto. Kwa ajili ya igizo. Nimewaambia siwezi kuwajibu mpaka nimekuona wewe.”

Nikamuuliza, “Umemwacha na nani?”

“Na mama. Niliona siyo vizuri kuja naye hapa.” Akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa natazama gauni lake, begani palipokuwa na alama ya maziwa yaliyocheuliwa.

“Mpeleke,” nikamwambia. “Ila mfunike vizuri, kanisani asubuhi kuna baridi.”

Niliingia chumbani nimchukulie shali nyeupe niliyokuwa nimemnunulia mwanangu. Nikaitoa kwenye begi, nikaishika. Mkono ukagoma. Nikairudisha, nikatoka kumsindikiza bila kitu.

Siku ya Krismasi sikutaka kwenda, lakini mama mkwe alikuwa amevaa tayari na amekaa sebuleni ananisubiri. Tukakaa benchi la nyuma. Mume wangu alikuwa zamu ya asubuhi. Igizo likaanza. Yusufu akapandisha na Mariamu wake, mwenye gesti akasema hata balabalani kumejaa, watu wakacheka mpaka wakapiga makofi. Kisha msichana aliyeigiza Mariamu akapewa mtoto, akamtazama kama nilivyoandika.

Mtoto akalia. Watoto wote wakanyamaza, maana ndivyo walivyofundishwa. Kanisa zima likanyamaza. Sauti ile ndogo ikajaa mpaka kwenye mabati, na mimi nikasikia kifua kinachoma, maziwa yakatoka. Yalipita kwenye kanga, yakapita kwenye gauni la kitenge. Nilijifunika kwa mikono, nikatoka nje nimeinama.

Nyuma ya kanisa kuna mawe makubwa. Nikakaa kwenye moja, na hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Mama mkwe alinikuta hapo. Akavua mtandio wake, akanizungushia kifuani, akakaa.

“Mimi nilizika wawili kabla ya mume wako,” akasema.

Nilikuwa nimekaa kwenye ukoo ule miaka yote ile na sijawahi kusikia. “Ulifanyaje, mama?”

“Nilipalilia migomba. Nilipika. Ningefanya nini?”

“Na Mungu alikuambia nini?”

“Bado namngoja aniambie,” akasema. “Ndiyo maana kila usiku naenda kwake.”

Mchana mume wangu aliporudi, mama yake hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu. “Tupeleke kwa mtoto,” akamwambia. Mume wangu akanitazama mimi, akachukua funguo za nyumba, tukatoka.

Makaburi yako kwenye mteremko, na katikati ya miti ziwa linaonekana. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri, majani yameota kila mahali, nikaogopa kwamba hatapakumbuka. Lakini alitembea moja kwa moja bila kuangaza. Kaburi dogo lilikuwa limepaliliwa, udongo umeshikizwa kwa mawe pembeni, na nyayo zilikuwa nyingi, za viatu vya aina moja.

“Ulikuwa unakuja huku?” nikamuuliza.

“Nikitoka kazini.”

“Kila siku? Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambiaje?” akasema. “Ningeanzia wapi?” Akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kazi, akalia jinsi ambavyo sijawahi kumwona akilia. Nikapiga magoti pembeni yake. Hakuna kati yetu aliyeweza kuanza sala, kwa hiyo mama akaanza, kwa Kihaya. Sikuelewa isipokuwa maneno mawili matatu. Alipomaliza nikasema Amina, na hiyo ndiyo sala niliyoiweza mwezi ule mzima. Palepale tukampa mtoto jina.

Mama mkwe alirudi Bukoba baada ya mwaka mpya. Mimi nilirudi kufundisha shule ya Jumapili mwishoni mwa Januari, kwa sababu nilichoka kukaa ndani. Wakubwa walinisalimia kwa uangalifu, wakaongea habari za mvua. Darasani, kabla sijafungua somo, msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

“Mwalimu, mtoto wako yuko wapi?”

Wenzake wakamfinya. Nikawaambia wamwache. “Alifariki,” nikasema.

“Alikuwa anaitwa nani?”

Tangu nilipomzaa hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Nikamwambia jina lake. Akalirudia polepole, kama wanavyorudia neno jipya, na darasa zima likalisema naye.