Sanduku la Utawani

Dada yangu mtaani walimwita Sista, na hakuwa sista. Utani tu. Wengine walikuwa wanamwita kutoka ng'ambo ya barabara, "Sista bila shela, hujambo?" naye anacheka, anapita zake na furushi la vitambaa vya altare kwapani. Mimi nilicheka kuliko wote. Mimi ni msusi, mdomo wangu haujui likizo. Nyumbani kwetu Mungu aligawa maneno yote akanipa mimi, Dada akabaki na masikio.

Kazi yake ilikuwa chumba cha kufulia hospitalini. Miaka thelathini na zaidi alifua, akapiga pasi, akakunja mashuka ya wagonjwa. Jumamosi alipitia kanisani kuchukua vile vitambaa vya kufutia kalisi, kikombe cha divai ya misa, akaja kuvifua nyumbani kwenye beseni la peke yake. Maji ya kwanza hakuyamwaga mtaroni. Aliyamwagia maua ya mlangoni, kwa sababu huenda yana tone la Damu ya Bwana. Siku moja nikanawia mikono maji yale, weee! Sijawahi kumwona amekasirika vile.

Tangu akiwa na miaka kumi na saba alisema Mungu anamwita utawani. Hakuona maono, wala hakuangushwa na mwanga barabarani. Alisema ni kama mtu anayekuita kutoka chumba cha pili: unaacha ulichoshika, unasema abee, unakwenda. Masista wakamwona, wakampenda, wakampa orodha ya vitu vya kwenda navyo. Mashuka meupe mawili, taulo mbili, viatu vyeusi vya kufunika, sahani, kikombe, cheti cha ubatizo. Na sharti moja, awe hajatimiza miaka thelathini. Akanunua sanduku la bati la rangi ya buluu, akawa analijaza kidogo kidogo, analisukuma chini ya kitanda. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Safari ilikuwa Januari.

Desemba baba akapigwa kiharusi. Mama alishafariki zamani, na mimi nilikuwa mchumba wa watu, harusi imeshatangazwa kanisani. Nikaolewa, nikahamia mtaa wa pili. Dada akabaki na baba. Mashuka mapya ya sandukuni yakaenda kitandani kwa mgonjwa, maana kwa siku alichafua hata matatu. Miaka ikapita, nikajifungua mtoto wa kwanza, taulo zikaja kwangu. Viatu nilivivaa mimi siku ya ubatizo wa mtoto, vyangu vilikatika, na sikuvirudisha. Hakunidai. Kila kitu kikitoka alisema, "Nitanunua vingine."

Baba alituaga Dada akiwa na miaka ishirini na tisa na miezi mitatu. Tukalia, tukazika. Mwezi uliofuata akanunua mashuka mengine. Masista walimwandikia: njoo kabla Juni haijaisha. Nilikuwa namsikia akifua huku anaimba. Mtu ambaye hata kukohoa alikohoa kwa adabu!

Na mimi nikaogopa. Sitasingizia ugonjwa wala shetani, ni woga wangu mwenyewe. Nilikuwa na mimba ya pili, mume wangu anafanya kazi mbali na kurudi mara moja kwa mwezi, mtoto wa kwanza kazi yake kulia. Nikijiona nimebaki peke yangu na rundo la nguo, Dada hayupo, nilikosa hata usingizi. Nikaenda kliniki. Daktari akanipima, akasema mimba iko salama, nisibebe tu ndoo za maji. Akaniandikia hivyo kwenye kikaratasi. Nilipofika kwa Dada nikajitupa kwenye kiti, nikamwambia, "Daktari kasema nisiinuke kitandani mpaka nijifungue. Dada, ukienda tutakufa mimi na mtoto."

Kwa mdomo wangu huu.

Dada aliinuka. Alijifunga kitambaa kichwani, akaenda kanisani. Nami mgonjwa wa kitandani nikamfuata, mtoto nimembeba, wala sikukumbuka kujikongoja! Kanisa lilikuwa tupu, ile taa nyekundu ya tabernakulo inawaka, Dada amepiga magoti benchi la mbele. Akakaa, akakaa. Mtoto akaanza kulia. Tulipotoka nikamuuliza, "Umesikia nini?"

"Nimesikia mtoto wako analia," akasema.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi mpaka nikataka kuruka. Kesho yake akahamia kwangu na sanduku lake. Akafua, akapika, akanibebea ndoo. Juni ikaja, ikapita. Binti yangu akazaliwa salama, kilo tatu na nusu, sauti ya kuamsha mtaa. Oktoba Dada akatimiza thelathini. Siku hiyo nilimsuka, nikapiga soga kuanzia unywele wa kwanza mpaka wa mwisho ili pasipatikane nafasi ya mtu kusema neno. Kisha sanduku likapanda juu ya kabati.

Jambo hili nimelibeba miaka ishirini na minne. Niliungama kwa padri wetu, akaniambia, "Mama, nenda ukamwambie dada yako." Basi nikaanza kwenda kuungama parokia ya jirani.

Mwaka huu wakamkuta na kansa ya ini. Akalazwa hospitali ileile, juu ya mashuka aliyoyafua mwenyewe. Alikuwa anashika pembe ya shuka, anaikagua, "Hawa wapya hawajui kukunja, jamani." Alasiri moja nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Miguu ilikuwa imevimba. Akanitazama, akauliza, "Hivi, unadhani Mungu aliniita kweli? Au nilikuwa najisikia mwenyewe?"

Nilitamani nesi aingie. Hakuingia mtu. Nikasema, "Alikuita, Dada. Mimi ndiye niliyekuzuia. Daktari hakusema nilale. Alisema nisibebe ndoo."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kikaratasi kilikuwa mfukoni mwa gauni lako la njano. Mfuaji anaanza na mifuko."

Nikaweka chupa ya mafuta chini. "Ulikiona lini?"

"Wiki ile niliyohamia kwako. Juni ilikuwa bado."

"Sasa mbona hukwenda?" Nilipaza sauti, wagonjwa wengine wakageuka. Nilimkasirikia, hebu ona! Mimi nimkasirikie yeye.

Akapumua kwanza, maana kusema kulimchosha. "Nilikisoma, gauni lilipokauka nikakirudisha mfukoni ili ukikute. Nikasema, nikiondoka kwa hila sitajua kama ni Mungu au ni ukaidi wangu. Kama ananiita, atakufungua mdomo wewe. Wewe ndiye mwenye maneno. Basi nikawa nasikiliza. Ukiniita jikoni nasema abee, nakuja mbio, nadhani leo utaniambia, Dada, nenda. Nikifika unaniambia chumvi imekwisha."

Kile kikaratasi nilikikuta kweli. Nilikikuta kimekunjamana mfukoni, gauni limepigwa pasi, nikakitia motoni, nikamshukuru Mungu kwamba Dada hakukiona.

Nikaangukia miguu yake. "Nisamehe, Dada yangu. Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ileile, pasi ikiwa mkononi. Na binti yako nampenda, usifikiri vingine." Akafumba macho. Nilidhani amelala. "Lakini ningependa kwenda," akasema.

Alifariki siku ya tisa tangu alasiri ile. Niliteremsha lile sanduku juu ya kabati. Yale mashuka mawili yalikuwemo, alama za mikunjo ya dukani bado zipo, na cheti cha ubatizo chini yake. Viatu havikuwemo. Shuka moja nikamtandikia ndani ya jeneza, jingine nikamfunika.

Kabla hawajafunga niliinama, nikamwekea mdomo sikioni, nikamwambia, "Dada, nenda." Majirani wakanishika mabega, wakaniambia jikaze, mama. Walidhani namuaga tu, kama wafiwa wote.