Pua ya Mama

Jirani akikaanga sosisi za ng'ombe, harufu ya kitunguu saumu hunirudisha jikoni kwetu Kasungami. Mama alizitengeneza kwa nyama, mafuta na moyo wa ng'ombe, na chumvi nyingi ili zisiharibike. Ugonjwa ulikuwa umemwondolea uwezo wa kunusa, hivyo mimi ndiye niliyenusa nyama kabla hajaisaga. Iliyochacha tuliitupa.

Siku moja wenzangu waliniita tukacheze mpira.

“Ile nyama iko muzuri?” mama akauliza.

“Iko muzuri, mama!” nikajibu nikikimbia. Sikuwa nimelisogelea beseni la nyama.

Sosisi ya kwanza alipewa mdogo wangu, kitinda mimba, kama ilivyokuwa desturi yetu. Tulimzika siku ya tatu.

Matangani mama alinishika mkono. “Ulinusaka kweli, mutoto yangu?”

“Nilinusaka, mama.”

Basi akaamini kwamba kosa ni lake, kwamba alipunguza chumvi, na akafa akiamini hivyo.