Maisha ya Mama Shuka, Pamoja na Lile Nililoliacha Mwanzo

Alizaliwa katika chumba kimoja nyuma ya hospitali kuu, mwaka ule mto ulipofurika ukabeba daraja, mtoto wa tatu wa dobi mmoja mkimya na mkewe aliyekuwa akishona mashuka yaliyochanika. Alibatizwa akiwa na siku nane katika kanisa hili hili mnamosomewa haya. Waumini humkumbuka kwa jina la Mama Shuka, na wapo wanaomwita mtakatifu, ingawa wakubwa wa Kanisa hawajatamka neno. Mimi ni katibu wa kanisa kwa mwaka wa thelathini na nne sasa, na padri ameniagiza niandike maisha yake yasomwe siku anapotimiza mwaka tangu afariki. Hii ni mara ya pili nayaandika. Mara ya kwanza niliyaandika vibaya, tena kwa makusudi, na jina la mtu asiye na hatia likabaki matopeni kwa sababu yangu. Nasema mapema ili msije mkadhani kwamba anayeandika habari za mtu mwema lazima awe mwema naye.

Alipofika umri wa miaka kumi na sita aliingia kazini katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kilikuwa chumba kirefu chenye dari iliyoota ukungu, mapipa ya maji ya moto upande mmoja, kamba za kuanikia uani, na meza ya kupigia pasi iliyoenea ukuta mzima. Aliyeitawala meza hiyo alikuwa mwanamke mwenye mikono ya nguvu na ulimi mwepesi, ambaye wafanyakazi wote, hata waliomzidi umri, walimwita Shangazi. Huyo ndiye aliyemfundisha binti kupima joto la pasi kwa tone la maji, na kukunja shuka bila kuliburuza sakafuni. Akikosea alimwambia, "Mwanangu, hilo umelikunja au umelinyonga?" Kisha akalikunjua, akamwonyesha tena.

Miaka sita ilipita hivyo, binti akapandishwa akawa ndiye wa kukunja na kupeleka mashuka ghalani. Ikaja wiki moja ya mvua isiyokatika. Kamba za chini ya paa hazikutosha, wakawa wanaanika shuka juu ya shuka, yakiwa bado na wanga, na kuyaanua yakiwa na unyevunyevu. Jumamosi mashuka ishirini na manne hayakuonekana. Msimamizi alisimama mlangoni akauliza nani anajua. Binti aliogopa, kwa kuwa ghala lilikuwa mikononi mwake, na kwa hofu hiyo akasema kwamba Jumatano alimwona Shangazi akitoka na mfuko mkubwa. Hakusema ameiba. Alisema alimwona tu, na ni kweli alimwona, lakini alijua vizuri maneno yale yataelekea wapi. Mfuko wa Shangazi ulimwagwa juu ya meza yake mwenyewe mbele ya wote, zikatoka nguo za kazi za mumewe, na bado akafukuzwa siku ile ile.

Wiki iliyofuata jua lilitoka. Binti alichukua shuka moja rafuni, akalikunjua, yakatoka mawili. Wanga ulikuwa umeyagandisha, naye ndiye aliyeyakunja mawili kama moja kwa haraka ya kazi. Alikunjua rafu nzima akilia. Yote ishirini na manne yalikuwamo. Alikimbia kwa msimamizi, na msimamizi akamjibu, "Si yamepatikana? Basi, kazi iendelee." Nafasi ya Shangazi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Alikwenda nyumbani kwa Shangazi, akamkuta kitandani ameelekea ukutani, hali chakula wala hatoki, maana mtaani walikuwa wanasema lisemwalo lipo. Alipiga magoti, akaeleza kila kitu. Shangazi hakugeuka. Mumewe akasema kwa upole, "Mwanangu, umesema, tumesikia. Sasa nenda." Alikwenda. Lakini kesho yake, kule kazini, alianza kumuuliza mfanyakazi mmoja mmoja: Shangazi aliwahi kukutendea wema gani? Kila jioni alirudi na kisa kimoja, akakisimulia kwa ule mgongo, kisha akaondoka. Mpika maji alisimulia jinsi Shangazi alivyomfulia nepi za mapacha miezi miwili. Mshonaji alikumbuka siku alipofiwa, Shangazi akamfanyia zamu zake zote na akamzuia asishukuru. Dereva alisema alimfundisha kusoma kwa kutumia majina ya wodi. Siku ya tisa, binti alipokirudia kile kisa cha mapacha kwa kukosa kingine, mgongo ulijibu.

"Huyo amekudanganya. Hawakuwa wa mke wake, walikuwa wa dada yake. Na zilikuwa wiki tatu, miezi miwili ya wapi!"

Shangazi alikaa kitako, akaomba chai. Baada ya kuinywa yote alimtazama binti, akasema, "Umeniumiza sana, sikufichi. Nilikuwa nimeshaamini kwamba hakuna anayenijua. Nimekusamehe, lakini usije ukasahau." Ndipo, ndugu waumini, ulipoanza wito wa Mama Shuka. Wengine huitwa kwa ndoto au kwa sauti. Yeye aliitwa kwa aibu, na hakuificha hata siku moja.

Tangu hapo, kwa miaka arobaini na mitano, kila asubuhi alipopita wodini kukusanya mashuka machafu, alimwomba kila mgonjwa kisa cha wema, akakibeba hadi kitanda cha pili. Alikuwa na sharti moja tu: "Wako usiniambie, niambie uliotendewa." Mtu akianza kujisifu alimkatiza akicheka. Naye alianza daima na wa kwake, bila kupunguza: "Mimi nilimponza mtu akaitwa mwizi, na yeye akanisamehe." Wagonjwa wakishasikia hivyo hawakuwa na sababu ya kumwonea haya. Palikuwa na mwashi mmoja aliyekatwa mguu, akawa anatema dawa na kuwatukana wauguzi. Mama Shuka alimpelekea kisa cha mzee wa kitanda cha jirani, aliyebebwa mgongoni na mtu asiyemjua kutoka kwenye nyumba iliyomwangukia hadi barabarani. Siku ya tatu mwashi alisema kwamba hata yeye kuna aliyembeba, akataja nani, akaanza kula. Leo anajenga akiwa ameketi. Daktari mmoja, mtu asiyependa habari zetu za kanisa, aliniambia, "Sijui anawafanya nini. Ninachojua, akipita yeye, sahani zinarudi tupu." Sisemi kwamba wote walipona. Wengi walikufa, ila hawakufa wakiamini kwamba dunia nzima iliwapa mgongo.

Sasa nafika kwenye majaribu yake, na jaribu kubwa lilikuwa mimi. Mwaka wangu wa kwanza wa ukatibu, wakati wa ushuhuda, Mama Shuka alisimama kanisani, akaanza, "Ndugu zangu, kuna mtu humu ndani nilimkosea..." Nilikuwa kijana mwenye suti mpya na nilipenda ibada iliyonyooka. Nilimfuata, nikamshika bega, nikamwambia, "Mama, mambo ya kufulia yabaki huko huko. Kaa." Alikaa. Aliniomba tena mara mbili katika miaka iliyofuata, nami kila mara nikamwambia muda hautoshi, ingawa muda wa matangazo ya kwaya haukukosekana kamwe. Siku ile ya kwanza Shangazi alikuwa kwenye benchi la nne. Aliinua kichwa mwenzake aliposimama, akakiinamisha nilipomkalisha. Nilimwona. Naona aibu kuandika kwamba nilimwona.

Mama Shuka alifariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na saba, kwa ugonjwa wa mapafu, katika wodi ile ile aliyokuwa akibadilisha mashuka yake. Nilikwenda na padri kumpa mafuta matakatifu. Alinifungulia macho, akasema, "Katibu, bado hujanipa nafasi." Nilicheka kidogo, nikamwambia apumzike. Akasema, "Basi mtaisema nyinyi." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, nami niliyameza.

Mwezi uliopita niliandika maisha yake kwa mara ya kwanza, nikayabandika kwenye ubao wa matangazo. Mashuka ishirini na manne hayakuwamo. Nilijiambia namlindia marehemu heshima, kwamba mtakatifu hapaswi kuwa na doa. Siku ya tatu Shangazi aliingia ofisini kwangu, ana miaka themanini na mmoja, karatasi yangu mkononi imekunjwa mara nne, pembe kwa pembe.

"Macho yangu hayaoni tena maandishi, lakini nimesomewa yote," alisema. "Mbona mimi simo?"

"Shangazi, nilitaka kulinda jina lake."

"La kwake umelilinda. Langu je? Mpaka leo nikiingia kwa watu wapo wanaosogeza mikoba yao. Ukimfuta yeye kosa lake, mimi nabaki mwizi."

Akaendelea: "Na tena umenipokonya. Nilimsamehe, katibu. Unadhani ilikuwa rahisi? Katika maisha yangu sijafanya kitu kikubwa kama kile, na wewe umekikata."

Nilitaka kulia mbele yake nikajizuia, maana mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nilichukua kalamu, nikamwomba anisimulie tangu wiki ya mvua, naye akasimulia hadi jioni, akinisahihisha kila nilipolainisha neno. Haya mliyoyasikia ndiyo hayo.

Basi wapendwa, wengi mnamwomba Mama Shuka awaponye, na mimi siwakatazi. Lakini tukitaka kumwiga, tuanze alipoanzia yeye. Wema mliotendewa usemeni kwa sauti, na aliyeutenda mumtaje, angali hai asikie. Na uliyemkosea mbele ya watu, mrudie mbele ya watu, usisubiri uitwe marehemu. Shangazi yumo humu leo. Hakuiba hata shuka moja. Mwanamke aliyejua hivyo alisimama hapa kuwaambia, mimi nikamkalisha. Kwa hiyo nawaambia mimi, na ninamwomba Shangazi msamaha nikiwa nimesimama, nanyi nyote mkinitazama.