Kipande cha Magadi

Nilipewa kazi ya kuwaunganisha wasomi wawili wasiosikilizana. Mmoja alikuwa mwanaastronomia, mwingine mtafiti wa uhai kwenye sayari nyingine. Nikawaleta kwetu Hanang, kwenye ziwa la magadi, kwa sababu vijidudu vinavyostahimili maji yale vinaweza kuwa na ndugu zao huko juu.

Wakachagua kipande kimoja cha magadi ufukweni, wakagombana hapo hapo. Mtafiti wa uhai alitaka kukikwangua akipeleke maabara. Mwanaastronomia alitaka kisiguswe, apime mwanga unaorudi kutoka pale, ili siku moja akiuona mwanga kama huo ukitoka sayari nyingine kwenye darubini aujue. Mimi nimekulia Nangwa, huku huku Hanang, nimeona majirani wakigombania mpaka wa shamba kwa adabu zaidi kuliko wale wawili.

Wakiwa bado wanatajiana digrii, ng'ombe wakaja kulamba magadi kama kawaida yao. Wakakilamba kipande chote. Mmoja akaacha kinyesi katikati.

Wasomi wakamvamia mzee mwenye ng'ombe kwa makelele. Mzee akaegemea fimbo yake, akawatazama kama watoto wasio na mama. Nikawaambia hatajibu chochote mpaka asalimiwe.

"Shikamoo," wakasema kwa pamoja, vichwa chini.

"Marahaba," akajibu mzee, akaswaga ng'ombe wake, akaondoka.

Jioni nikaandika kwenye ripoti kwamba ushirikiano umeanza vizuri. Ng'ombe sikuwataja. Wangeulizwa wana digrii gani.