Kadiri na Nyumba Zisizo na Bati

Hawa watoto wamenikalia shingoni tangu Ramadhani. Kila siku wananiambia, Mama, andika habari ya Kadiri, wewe njo unamujua. Kana kwamba kalamu ni mwiko wa ugali, kila mwanamke anaushika tu. Mi nimesoma miaka mitatu, macho yenyewe yamechoka, na waliosoma mpaka Kigali wapo, hawana kazi. Lakini najua wakiandika wao watapamba. Bon. Nitaandika mimi, na asiyependa afunge.

Kadiri alikuwa fundi wa mabati hapa Gisenyi, mtaa wa Mbugangari, miaka arobaini. Si fundi wa kuta, si fundi wa milango. Wa mabati. Ukimwita akupakie rangi anakutazama kama umemtukana mama yake. Alikuwa na namna yake ya kulaza bati: moja inapanda juu ya mwenzake mawimbi mawili, si moja kama wavivu wanavyofanya, na kila msumari anauwekea kipande cha mpira wa tairi ya pikipiki ili mvua ya ziwani isipite. Watu walimlalamikia kwamba anachelewa. Yeye alijibu kutoka juu, misumari mdomoni, "We lalamika tu, lakini utalala mukavu."

Tena katika mtaa mzima ni yeye aliyeujua mji kutoka juu. Sisi wengine tuliujua kwa milango na mifereji. Yeye aliujua kwa migongo ya nyumba.

Mwaka ule mlima wa moto ulipopasuka upande wa Goma, ardhi ilitetemeka siku baada ya siku, na ufa ukapita katikati ya nyumba za watu. Binti yake Bushira, fundi cherehani, alikuwa na nyumba ya vyumba viwili pale pale ufa ulipopita, bati za baba yake. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Wote walikuwa nje na magodoro yao. Bushira akarudi ndani kuchukua cherehani. Ukuta ukaachia.

Bati hazikuachana. Hilo njo nataka mulisikie vizuri. Paa lilishuka lote pamoja, zima, kama kifuniko cha sufuria. Wanaume kumi na wawili walishindwa kulinyanyua. Ikabidi wang'oe msumari mmoja mmoja, na kila msumari ulikuwa wa Kadiri, kwa hiyo hautoki upesi. Saa nzima ikapita. Walipofika chini, Bushira alikuwa amekwisha kwenda.

Watu walimwambia Kadiri ni amri ya Mungu. Alisema ndiyo, ndiyo. Lakini tangu siku ile hakupanda tena juu ya nyumba ya mtu, na akisikia nyundo mahali popote, midomo yake inahesabu.

Miaka miwili ikapita hivyo. Halafu nyuma ya soko ikafunguliwa ofisi ya mradi, mlango wa buluu, vijana na kompyuta. Mkubwa wao anaitwa Shema, kijana wa miaka thelathini hivi, wazazi wake walirudi kutoka Uganda. Bati ya ofisi ikawa inavuja, wakaambiwa waite Kadiri.

"Muzee," Shema akamwambia, "inavuja hapa, juu ya mashini. Panda utuangalilie."

"Sipandi." Kadiri alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta. "Hii ni nini?"

"Mbugangari. Picha ya setilaiti. Imepigwa kutoka juu kabisa, kule ndege hazifiki."

Kadiri akaweka kidole. "Hii nyumba ni ya Mudathiru muuza vitenge. Muvivu aliyeilaza aliweka wimbi moja. Muulize, inavuja upande wa choo."

Vijana wakacheka. Shema kwa utani akampigia Mudathiru simu. Inavuja upande wa choo, tena Mudathiru akauliza kwa hasira ni nani aliyeingia chooni kwake.

Kesho yake Kadiri akapewa kiti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, na mi niliifahamu kwa kuelezwa mara tatu. Wanataka kompyuta ijue yenyewe nyumba ni ipi, wilaya nzima, kwenye picha ya angani, ili ardhi ikitikisika tena wanaobeba machela wajue ndani ya saa hiyo watu wanakaa wapi, waanze na nani. Lakini kompyuta haizaliwi na akili. Inafundishwa. Mtu anakaa, anachora kisanduku juu ya kila paa, moja, mia, elfu, na haiambii kitu kingine, haielezi mlango wala dirisha. Anachora tu. Siku moja inashika. Inaanza kuchora yenyewe mahali ambapo hakuna aliyeifundisha.

Wale vijana walichanganya bati na turubai, na nyavu za dagaa zilizoanikwa. Kadiri hakuchanganya. Ndiyo sababu ilijifunza kwake kuliko kwa wote. Shema alikuwa akiwaambia wageni, "Hii mashini iko na macho ya Muzee."

Lakini alipofika pale kwa Bushira, kwenye picha hapakuwa na paa. Palikuwa na migomba, na majani, na uzio wa imiyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, ambao Bushira aliupanda kwa mkono wake, umezunguka pote. Kadiri akachora kisanduku. Alisema baadaye mkono ulichora wenyewe. Mi simwamini, mkono hauna mwenyewe? Huku kwetu mji wa mtu, nyumba na uwanja wake, hausemwi umekwisha wakati mafiga yake bado yapo chini, na mafiga ya Bushira yalikuwepo, Kadiri alikuwa anakwenda kuyaangalia. Basi akachora. Na akishamchorea binti yake, atawaacha vipi majirani? Akamchorea Habimana, ambaye alihamia kwa shemeji yake. Akamchorea mjane wa kona. Nyumba thelathini na saba zilizoangushwa na ufa, zote akazirudisha, visanduku juu ya migomba.

Kompyuta haikuuliza kwa nini. Ilijifunza.

Siku Shema alipoipeleka ikaangalie wilaya nzima peke yake, ilirudi na nyumba mahali ambapo hapakaliwi. Katikati ya migomba ya Kanzenze. Juu kabisa Bugeshi, kwenye viazi, chini ya volkano. Mamia.

"Imeharibika," wale vijana wakasema.

"Twende tuone kwa macho," Shema akasema. "Muzee, tunakwenda wote."

Wakapanda voiture ya mradi mpaka Kanzenze, kisanduku cha kwanza. Migomba. Mwanamke mzee, jina lake Mukandutiye, alikuwa analima pembeni.

"Mama, mwiriwe," Shema akamsalimia. "Hapa iko nyumba?"

"Nani amewaambia iko nyumba?"

"Kompyuta yetu, mama. Inasema hapa iko nyumba moja."

Mukandutiye akamtazama Shema, akamtazama Kadiri, akaona kofia yake ya msikitini na mvi zake. Akaongea na Kadiri. "Na we mutu muzima unakubali kuongozwa na kompyuta?"

"Nilikuwa nakataa, mama. Nimezeeka, sasa nakubali kila kitu."

Mukandutiye hakucheka. Akaingia kwenye migomba, akasukuma majani makavu kwa jembe. Mawe matatu, bado meusi upande wa ndani. Akanyoosha jembe kuonyesha pande zote, na hapo Kadiri akaona: imiyenzi ambayo hakuna aliyeikata imekuwa miti, imesimama mduara, kama watu wanaosubiri kuambiwa waketi.

"Hii ni itongo," akasema. "Mahali mji ulikuwa. Walikaa watu sita." Akawataja wote sita, wa mwisho mtoto ambaye alikuwa bado hajatembea. Akafuta uso kwa kitambaa. "Toka wakati ule hamna mutu ameniuliza. Ninyi njo wa kwanza."

Wakaenda kisanduku cha pili. Itongo. Cha tatu, itongo. Walikagua tisa siku ile. Miaka ile watu walipouawa majumbani siitaji, wa huku anaijua bila kutajiwa. Mahali nyumba ilisimama majani yanaota mazito kuliko kwingine, na uzio unabaki na umbo lake. Kadiri aliifundisha mashini kwamba mduara wa imiyenzi na migomba katikati ni nyumba, basi yenyewe ikapanda mlima, bila mtu kuituma, ikawatafuta wote waliokwenda.

Walipofika ofisini Shema akafungua visanduku vya Kadiri kimoja kimoja, akaviona vile thelathini na saba.

"Muzee, hii ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sasa nisikilize, baba yangu. Ardhi ikitikisika, watu wa machela wanakwenda pale mashini inasema. Watakwenda kuchimba kwenye migomba. Saa nzima watachimba. Na mutu aliye hai iko chini ya bati, pembeni, anaita."

Shema hakujua habari ya misumari. Alisema tu saa nzima kama mtu anavyosema. Kadiri akashika meza.

"Nifute?"

"Ufute, Muzee. Mpaka Ijumaa. Kama hapana tunafunga, kazi yote haina maana."

Thelathini na sita alivifuta asubuhi moja. Kile kimoja kilimshinda. Jumatano alikuja, akakaa mbele yake, akaenda. Alhamisi hivyo hivyo. Usingizini alikuwa anasikia nyundo chini ya paa, inagonga kutoka ndani, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Alimwambia mke wake. Mke wake akamwambia, "Huyo ni mutoto wako, anataka umufungulie, we unamufungia kwenye kompyuta."

Maneno hayo yalimkata. Ijumaa, baada ya swala, akaenda moja kwa moja bila kula, akabonyeza. Kisanduku kikaondoka bila sauti. Alikuwa anangoja sauti.

Wiki iliyofuata Shema akaifundisha mashini tena, akaiangalia Mbugangari. Safi. Kwa Habimana, hakuna kitu. Kwa mjane, hakuna kitu. Kwenye migomba ya Bushira, kisanduku.

"Nani amekichora?" Kadiri akauliza.

"Hakuna. Imekichora yenyewe." Shema akaanza kueleza: kwamba haikuanza upya, iliendelea pale ilipoishia, kwamba kitu ikishajifunza haikisahau mara moja, kwamba labda uzio wa pale umenyooka kuliko nyingine. Alieleza sana. Kadiri hakumsikia. Kile alichokuwa amekichora yeye kilikuwa wima. Hiki kililala kidogo, kona moja imeinamia ziwa. Vile vile paa lilivyolala siku ile.

Vijana wakasogea nyuma ya kiti chake.

"Muzee," Shema akasema kwa sauti ya chini, "we njo fundi. Sema wewe. Nyumba ao si nyumba? Iko vitufe viwili tu. Nitabonyeza utakachosema."

Kadiri akavisogelea vitufe. Akisema nyumba, binti yake amebaki, na siku moja watu watachimba pale wakati mwingine anaita. Akisema si nyumba, basi hapakuwa na kitu pale, hapajawahi kuwa na kitu, na mashini yenyewe ina moyo kuliko yeye.

"Si nyumba," akasema.

Shema akanyoosha kidole.

"Ngoja. Si nyumba, lakini si bure. Ongeza kitufe cha tatu."

"Cha nini, Muzee?"

"Yule mama wa Kanzenze alishakuambia inaitwaje. Wa machela wasipite huko. Lakini mashini isiambiwe uongo."

Ilimchukua Shema siku mbili kukitengeneza. Itongo, kinaandikwa, na chini yake pana nafasi ndogo ya jina, kwa sababu Kadiri aligoma kukigusa mpaka nafasi iwepo. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi zote kubwa, BUSHIRA. Halafu akawaandika wale sita wa Kanzenze, hata yule aliyekuwa hajatembea.

Nyundo bado anaisikia. Aliniambia haijaacha, ila sasa inagonga mbali zaidi, upande wa milimani, na mahali pengi. Jumamosi anapanda na Shema kuuliza majina. Matongo yamepita elfu moja. Yenye majina hayafiki mia mbili, na wanaojua wanakufa.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, shukrani zako sizitaki. Inuka. Nenda kwa mwenye mvi wa kwenu, umuulize pale kwenye migomba, pale uzio umekuwa miti, nani alikuwa anakaa. Akisema amesahau, keti, mpikie chai, usiondoke. Andika wote, na watoto wachanga, upeleke nyuma ya soko kwa Kadiri. Andika herufi kubwa, anasoma polepole.